Kiganja cha Ukutani Kiriba

Majirani zangu wa mtaa wa Mukendo, Musoma, walinitania kwamba nitarudi nimebatizwa. Mimi, Mwislamu, nilikuwa nimekodiwa na misheni kupiga picha za makanisa ya udongo na nyasi vijijini kabla hayajabomolewa kupisha ya bati. Nilicheka nao, nikafunga kamera kwenye baiskeli. Enzi hizo za Mwingereza njia ya Kiriba ilikuwa mawe matupu, na nusu ya safari mimi ndiye niliyeibeba baiskeli.

Nilipofika nilikuta kina mama wamelisiriba kanisa upya kwa udongo, kwa heshima ya picha. Nilikasirika kimoyomoyo, maana nilitumwa kupiga ukongwe wake. Kisha nikamwona mama mmoja kabana mgongo ukutani, kando ya mlango. Alikataa katakata kusogea, wasije wakapasiriba na hapo.

"Mama, nikupige picha hapo hapo?"

"Si mimi, mwanangu. Huyu nyuma yangu."

Akajitenga kidogo. Palikuwa na alama ya kiganja. Huko, amalizaye kusiriba hugandamiza mkono wake kwenye udongo mbichi, watu wajue kazi ni ya nani. Alama ile ilikuwa ya binti yake, aliyefariki kwa homa.

"Alikuwaga anapenda kumalizia hapa," alisema. "Picha yake sina. Wakibomoa, nabaki na nini?"

Nilipiga kanisa, kisha nikasogeza kamera hadi kwenye kiganja, nikakipiga nacho.

Niliporudi na picha, kanisa lilikuwa limeshabomolewa. Mama aliipokea kwa mikono miwili, akaweka kiganja chake juu yake, akanirudishia.

"Huyu mtoto mchanga," alisema. "Wangu alikuwa mkubwa."

Nilitaka kuudhika, nikashindwa. Alifungua pindo la kanga akatoa kipande cha uzi. Kabla ukuta haujaangushwa alikuwa amekipima nao kile kiganja, kutoka ncha ya kidole cha kati hadi kwenye kifundo cha mkono. Niliupeleka uzi Musoma, nikaikuza picha, nikaharibu karatasi kadhaa, mpaka uzi ukaenea sawasawa juu ya kiganja.

Nilipompelekea, safari hii alikaa chini kwanza. Akaulaza mkono wake juu ya picha, kidole kwa kidole. Vidole vya binti vilichomoza mbele ya vyake.

"Ndiye," alisema, bila kuuondoa mkono. "Alikuwa ameshanipita."