Nyigu Wasio na Chapa

Kaa hapo kwanza, usiondoke, nikupe hii. Juzi nipo ofisi ya kijiji huku Kagongwa nasubiri muhuri, mara mama mmoja kaingia anamvuta jirani yake mkono kama kakamata mwizi.

"Shikamoo Mwenyekiti. Huyu mzuie! Kesho anapiga dawa mahindi yake, ataniulia nyigu wangu."

Bwana shamba ndiye alimpa hao nyigu, wadogo kuliko sisimizi. Wanataga mayai ndani ya kiwavi anayekula mahindi, watoto wakianguliwa wanamla kwa ndani. Sasa wamevuka mpaka, wako shambani kwa jirani.

Jirani akacheka. "Ng'ombe wako nawajua kwa chapa. Nyigu umewapiga chapa wapi?"

"Si wamekumalizia viwavi wako bure!"

"Ahaa!" Jamaa akapiga meza. "Mwenyekiti, umesikia? Mifugo yake imelisha shambani kwangu bila ruhusa. Nataka fidia."

"Fidia ya viwavi?" mama akashangaa.

"Walikuwa wangu!"

Mimi nikacheka peke yangu. Mwenyekiti, ambaye kesi zake zote ni za ng'ombe, akauliza kwa upole, "Usiku wanalala kwa nani?"

"Kwangu," mama akajibu haraka.

"Basi ni wako. Fidia hakuna. Ila kabla hajapiga dawa, uwe umewaswaga wote warudi kwako."

Mama akanigeukia, machozi yanamlenga. Bila nyigu, viwavi watamaliza mahindi yake, na hayo ndiyo ugali wa wanawe mwaka mzima. "Mwanangu, shika fimbo, nisaidie."

Wewe ungekataa?