Hema la Watu Wawili

Mume wangu si mtu mbaya. Nalisema hilo mwanzoni kabisa, kwa sababu nikianza kueleza habari za hema lake watu huwa wanamchukia, na mimi sipendi achukiwe na watu wengine. Kumchukia ni kazi yangu, na hata mimi huwa inanishinda ikifika jioni.

Anaitwa Sirili. Mimi ni Salvina, ila hapa Uru ananiita Mama Fredy kama wanavyoniita wote. Yeye ndiye kitindamimba wa nyumba yao, na kwetu Uchaggani kitindamimba ndiye anayebaki kwenye kihamba, shamba la urithi la baba. Migomba yake, kahawa yake, makaburi ya wazee yake, mama mzee wake. Kaka zake wako Dar na Mwanza, wanakuja Krismasi na magari, wanakula mbuzi, wanaondoka. Sisi tunabaki kuosha masufuria.

Sirili alitoka hapa mara moja tu maishani, mwaka wake wa JKT, akapelekwa Kigoma. Aliporudi ndipo alipoanza kunichumbia, na aisee, alinichumbia kwa ziwa. Wengine walikuwa wanaleta kanga, yeye alileta maneno. Maji maangavu mpaka unaona mawe chini. Ng'ambo milima ya Kongo, asubuhi iko, ikifika mchana huioni tena. "Nitakupeleka, Salvina," alisema, tumekaa kwenye ukuta wa kanisa. "Tutalala pale pale ufukweni." Nilikuwa na miaka ishirini, na maji mengi niliyokuwa nimeyaona ni ya mfereji wa shambani. Nikaolewa na hilo ziwa.

Miaka kumi na tisa ikapita. Watoto wawili, ng'ombe wa ndani sijui wangapi, kahawa ikapanda bei, ikashuka, ikalala kabisa. Kila siku nateremka tambarare kukata majani ya ng'ombe, na nikipandisha na mzigo kichwani nasimama kuvuta pumzi na kuangalia nilikotoka: Moshi mjini, mashamba ya miwa, halafu nchi inakwenda tu mpaka macho yanachoka. Siku moja nilimuuliza Sirili Kigoma iko upande gani. Akaninyooshea kidole magharibi, kule Mlima Meru unakokaa. Basi tangu siku hiyo Meru ikawa inaniziba.

Sirili alikuwa bwana shamba. Mwaka tisini na tisa wakapunguzwa kazini, yeye na wenzake wengi, na ofisi ikawauzia pikipiki zao chakavu. Akapata ile Honda nyekundu aliyokuwa anaipanda miaka yote kukagua kahawa za watu. Aliikarabati mwaka mzima chini ya mparachichi. Halafu jioni moja, tunakula kiburu, akasema bila kuinua macho, "Januari, wageni wakishaondoka, kuna safari ya Kigoma kwa pikipiki. Unalala njiani kwenye hema, hakuna nyumba ya wageni."

Hakusema nani na nani. Na mimi sikuuliza. Kitu umekingoja miaka kumi na tisa, unaogopa hata kukigusa.

Sasa mume wangu alikuwa hajui kitu chochote kuhusu kulala porini. JKT walilala kwenye mabweni. Lakini hapa kwetu vifaa vya kulala nje havitafutwi mbali, wapagazi wa mlimani wanapewa na wazungu, wanashuka navyo, wanauza. Kwa hiyo Sirili akafanya kosa ambalo ni sisi tu wa mlimani tunaweza kulifanya. Alinunua vitu vya kwenda Kibo ili aende Kigoma! Kitu cha kwanza kuletwa nyumbani ni mfuko wa kulalia wa manyoya, mnene, wa watu wanaolala kwenye barafu. Akaujaribu sebuleni saa saba mchana. Baada ya dakika kumi alitoka amelowa kama ametoka mfereji mkuu.

"Kigoma kuna theluji, Baba Fredy?" nikamuuliza.

"Usiku kuna baridi njiani."

"Baridi ya wapi? Singida?"

Akaurudisha. Halafu akaleta jiko la gesi, la kale kamtungi kadogo, na kamtungi kakiisha hukapati popote zaidi ya Moshi na Arusha. Nalo likarudi. Ndipo akaona aibu, akamwendea jirani yetu Filemon, mpagazi aliyepanda Kibo mara nyingi kuliko anavyokwenda kanisani, na ambaye aliwahi kuwahudumia Wajerumani wawili waliokuja mpaka Moshi na mapikipiki yao. Filemon akamfundisha. Jiko liwe la mafuta ya taa, dogo. Vitu vizito vikae chini, karibu na kiti, visije vikaivuta pikipiki nyuma kwenye kona. Kamba ziwe za mpira wa tairi, zinavutika, hazilegei. Vijiti vya hema visiwe virefu kuliko upana wa keria. Na kila kitu kabla hujakinunua ukipime kwa mkono, ukiweke chini, halafu ujiulize tena kama unakitaka.

Yelewi, alivyopima! Kijiko alikipima. Kikombe cha bati alikipima na kingine cha plastiki, huku na huku, amefumba macho. Alivyokuwa anachagua kijiko, hata mke hakumchagua hivyo. Nilikuwa nacheka. Nilikuwa na furaha, sina haja ya kuficha.

Jumamosi moja ya Novemba tulishuka wote soko la Memorial, kwenye mitumba, Filemon akiwa mbele. Hema zilikuwa mbili. Moja ndogo, nyepesi, unaishika kwa mkono mmoja. Nyingine kubwa kidogo, ya kijani, na kwenye mfuko wake imechorwa picha: vichwa viwili vimelala sambamba. Sirili alizipima zote mbili mara nne. Nikawa nimebana pumzi kama nasubiri matokeo ya mtihani. Akaiweka ile ndogo chini.

"Hii ya mtu mmoja haitoshi," akamwambia Filemon. "Nachukua hii ya watu wawili."

Mimi niliyaangalia maviatu ya mitumba ili wasinione uso.

Tangu siku hiyo nikaanza kujiandaa kimyakimya, maana niliona na yeye ameamua kunishtukiza, nisimharibie. Suruali ya Fredy iliyokuwa imembana nikaipeleka kwa fundi cherehani ikapanuliwa kiunoni. Nikaongea na wifi yangu Mary: wiki mbili za Januari atanikatia majani ya ng'ombe na kumpikia mama mzee mtori, na mimi nitamvunia kahawa yake msimu ujao. Na Sirili akienda mjini kwa miguu, nilikuwa naingia kule bandani napanda Honda. Si kwa upande kama tunavyopanda wanawake. Miguu huku na huku. Najishikilia, nafumba macho, nakwenda Singida, nakwenda Tabora. Mwanamke wa miaka thelathini na tisa, jamani, amepanda pikipiki iliyozimwa.

Mwanzoni mwa Desemba akasema ni lazima alijaribu hema kabla ya safari. Akalisimamisha kwenye migomba, nyuma ya jiko, akalala humo peke yake. Mimi nilibaki ndani na mama mzee, maana alikuwa anakohoa. Asubuhi ilikuwa Jumapili, watu wanapita kwenda Misa ya kwanza, wanamwona Sirili anatoka kwa magoti kwenye kitambaa cha kijani, nywele zimejaa majani. Mwanamume na nyumba yake, amelala nje! Kwetu hilo lina maana moja tu: mke amemfukuza.

Saa nne Mzee Antoni, mwenyekiti wa jumuiya yetu, akaingia uani, ameshika jani la isale mkononi, lile la kuombea msamaha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Nimekuja kwa niaba yake. Alichokosa sikijui, wala sitaki kukijua. Pokea isale hili, mrudishe ndani."

Nilitaka kucheka, lakini nilimwacha aendelee kidogo, maana siyo kila siku unaombwa msamaha wa miaka yote kwa mkupuo. Halafu nikamwambia, "Mzee, hajakosa. Anajifunza kulala kwenye hema. Januari tunakwenda Kigoma, mimi na yeye."

Nilisema hivyo. Mimi na yeye. Ikifika Jumatano jumuiya nzima ilikuwa inajua kwamba Salvina anakwenda Kigoma kwa pikipiki.

Krismasi ikaja, magari yakaja, mbuzi wakaliwa, magari yakaondoka. Siku mbili kabla ya safari Sirili akaniita nyuma ya jiko. Hema limesimama, mlango wake umefunguliwa, na yeye amechuchumaa pembeni, uso unang'aa. Ndani, upande wa kushoto, ametandika godoro lake la sponji na blanketi jepesi. Upande wa kulia amepanga mabegi mawili, helmeti, mabuti, jiko na dumu la maji.

"Umeona, Mama Fredy? Kila kitu kinalala ndani. Mwizi hapati, mvua haipati. Filemon alinifundisha, ukisafiri kwa pikipiki chukua hema la watu wawili. Mtu mmoja ni wewe, wa pili ni mzigo."

Nilirudi jikoni nikakaa kumenya ndizi, na nilimenya ndizi nyingi kuliko tulizohitaji. Nilikuwa naona haya peke yangu, mbele ya ndizi. Nikaikumbuka suruali iliyokunjwa chini ya godoro. Nikamkumbuka Mary, na Mzee Antoni, na jumuiya yote, nitawaambia nini?

Sirili akaja mlangoni. "Vipi tena?"

"Wa pili ni mzigo," nikasema. "Miaka kumi na tisa nadhani wa pili ni mimi."

"Wewe?" Hakuwa anatania. Alishangaa kweli, na huko kushangaa ndiko kulikonikata. "Kumbe ulitaka kwenda? Kwa pikipiki? Na ng'ombe, na mama?"

"Mary atakata majani. Nilishapatana naye tangu Novemba. Suruali ninayo. Uliniambia utanipeleka, Sirili, kwenye ukuta wa kanisa, kabla ya Fredy, kabla ya yote. Hukuniambia utalipeleka begi."

Nilimwita kwa jina lake, jambo ambalo sijalifanya tangu harusi. Akakaa kwenye kigoda. Akasema, "Basi twende. Panda, twende wote."

Na hapo ningeweza kusema ndiyo. Ndiyo ilikuwa mdomoni. Lakini niliyaona macho yake yanatoka kwangu, yanapita mlangoni, yanakwenda kwenye hema. Akaanza kupiga hesabu moyoni: nikipanda mimi, nini kitabaki? Jiko? Begi moja? Dumu? Nilimwona anapima. Mimi kwa mkono huu, mzigo kwa mkono huu. Na uso wake ukahuzunika kidogo, kidogo tu, kwa ajili ya vile vitu alivyovitafuta miezi yote hiyo.

Nilitaka nichaguliwe, sikutaka kukumbukwa.

"Nenda," nikamwambia. "Nenda na mzigo wako."

Alibembeleza, siwezi kusema hakubembeleza. Jioni ile na kesho yake yote. Lakini mimi nikishasema nenda nimesema, na kiburi changu mama yangu alikijua. Alfajiri ya tatu akawasha Honda, akampa mama mzee mkono, akanipa mkono, akateremka. Niliisikiliza mpaka ikapotea upande wa mjini. Halafu nikachukua mundu, nikaenda kwa Mary kumwambia asihangaike, majani nitakata mwenyewe.

Siku zile nilizihesabu kwa uchungu. Leo atakuwa Singida. Leo Nzega. Leo bila shaka ameliona ziwa. Nikipandisha na majani sikuwa nasimama tena kuvuta pumzi.

Alirudi siku ya kumi na nne, amekonda, ndevu mpaka machoni, na kapu la samaki wa ziwani, migebuka mikavu. Uani pakajaa. Mzee Antoni, Filemon, Mary, watoto wa jirani, wote wanataka habari za ziwa, na mimi nagawa pombe ya mbege nasikia nusu nusu. Walipoondoka alianza kufungua mizigo, na harufu ya uvundo ikatoka kwenye mabegi mpaka nikaziba pua. Nguo zimeota ukungu. Daftari lake limekuwa uji.

"Mabegi yameoza hivi kwa nini?" nikamuuliza. "Si yalikuwa yanalala ndani?"

Aliendelea kufungua kamba.

"Usiku wa kwanza yalilala ndani," akasema. "Nikageuka, nikaona begi. Nikatoka nikayaweka nje. Tangu siku hiyo yakawa yanalala nje, na mvua ilinyesha mpaka Kigoma."

"Na upande ule wa pili?"

"Ulikaa wazi."

Najua ningepaswa kulainika. Nililainika, ndiyo. Lakini kabla ya hapo nilikasirika kuliko siku aliyoondoka. Nafasi yangu ilikuwepo. Kila usiku ilikuwepo, kavu, wazi, mpaka ufukweni kabisa, na mimi niko Uru nakata majani.

"Kuniwekea nafasi Kigoma, na mimi niko huku, kunanisaidia nini, Baba Fredy?"

Nikayachukua yale mabegi nikaenda kuyafua, na machozi yalinitoka mpaka nikashindwa kuona sabuni iko wapi. Afadhali angelaza mizigo yake pale, mimi nikaendelea kumkasirikia kwa amani.