Miguu ya Kuku Inaitwa Fengzhao

Siku yangu ya kwanza kupika kwenye kantini ya kambi ya mgodi wa Wachina, upande wa Mutoshi, nilitupa ndoo nzima ya mayai. Nilipasua moja, nikakuta ndani ni jeusi tii na harufu kama ya mkojo, nikajua yameoza. Mpishi mkuu, Mchina mzee, aliyaokota jalalani moja moja bila kunigombeza.

"Pidan," aliniambia; ndiyo mayai yao ya kuhifadhiwa mpaka yawe meusi. "Sema."

Nikasema. Miaka sita nilijifunza hivyo, chakula kimoja, jina moja. Miguu ya kuku ni fengzhao. Uyoga mweusi unaoteleza ni mu'er. Haishen ni kidude cha baharini ambacho mpaka leo sijui kichwa chake kiko wapi.

Nilikuwa nimechoka, nasema kweli. Nilichotaka ni kimoja tu: mzee akirudi kwao, mimi nishike jiko, niache kusugua masufuria.

Mwaka jana akaondoka. Mkuu wa kambi aliniita stoo, akawa ananyooshea kidole kila kopo na kila mfuko. Nilitaja vyote. Akatabasamu, akasema kuanzia sasa jiko ni langu. Kisha akaonyesha kule jikoni, sufuria yetu pembeni, ambamo sisi wapishi wanne tulikuwa tunachemsha viwavi vikavu vya kutoka Sandoa, chakula chetu cha mchana.

"Mama chef, ile chongzi. Inanuka. Kesho hapana."

Chongzi ni mdudu, mdudu yeyote, hata yule wa ndani ya mchele. Mtu aliyekula pidan mbili asubuhi ananiambia mimi habari za harufu. Nikasema ndiyo.

Wenzangu niliwaambia mwenyewe. Hawakugombana nami. Sisi tunakula pamoja, bukari, ugali wetu, katikati, kila mmoja na mkono wake; anayepewa sahani ya peke yake ni mgeni. Mchana ule mkubwa wao alinikatia bukari, akaweka viwavi vingi kuliko vyao, akaniletea sahani kwa mikono miwili, akaniambia nikae.

"Ikala, mama chef. Hii njo yako."

Nilikula kwenye ngazi ya stoo. Wao walikuwa watatu kule ndani, wanacheka jambo ambalo sikulisikia, na sikuwa na haki ya kuuliza.