Nakala kwa Kila Aonekanaye

Mwezi ule mada ya shindano la chama cha wapiga picha ilikuwa Huzuni, ndiyo maana wakaja kwetu. Mwezi uliotangulia mada ilikuwa Maua, na hakuna aliyetujua.

Tulikuwa tunakaa Ngamiani, chumba kimoja na uwani wa kushirikiana, mimi na wadogo zangu wawili. Baba alikuwa kuli wa bandarini. Alikufa nikiwa darasa la nne, na shule yangu ikaishia hapo, kwa kuwa mama alihitaji mtu wa kukaanga naye maandazi. Kisha mama naye akaumwa, akafa. Tulipomaliza arobaini yake, ukoo ulikaa ukatugawa. Mdogo wangu wa kiume, ambaye meno ya utoto yalikuwa hayajaanza kung'oka, achukuliwe na baba mdogo wa Pangani. Wa kike aende kwa shangazi Kigombe. Mimi mkubwa, kwa kuwa nilishajua kazi, nibaki mjini kwa bibi mmoja wa ukoo aliyekuwa akitafuta mtu wa kumpikia.

Hawakutuuliza. Niliomba jambo moja tu: kabla hatujatawanyika tupigwe picha, sote watatu, katika nguo zetu za Idi. Baba mdogo alicheka mpaka akapaliwa na chai.

"Picha, mwanangu? Mtaila?"

Kwa hiyo wale wawili walipobisha hodi asubuhi ile, kila mmoja na kamera yake shingoni, nilidhani Mungu amenisikia. Mmoja alikuwa mwalimu, mnene, mwenye kuhema. Mwingine alikuwa karani wa forodha, kijana aliyevaa suruali yenye mkunjo wa kukata mkate. Hawakuja pamoja. Walikutana mlangoni kwetu, na hawakufurahi kuonana.

"Shikamooni," nikasema.

"Marahaba. Ndio nyinyi mayatima?" aliuliza mwalimu, macho yake yakiwa yameshatuacha na kuingia ndani kutafuta mwanga.

"Mwalimu, nimepiga hodi mimi kwanza," alisema karani.

"Hodi si picha, bwana."

"Kanuni inasema mhusika mmoja, mwanachama mmoja."

"Na hapa wahusika watatu. Tugawane. Chukua huyo wa kike, mimi niachie huyu kidume mwenye makamasi."

"Alaa! Huyo wa makamasi ndiye huzuni yenyewe! Huyu wa kike nitamfanyia nini? Uso kama wa bi harusi."

Walivutana hivyo juu ya vichwa vyetu kama watu wanaogombea samaki changu mnadani. Mdogo wangu wa kiume aliwatazama mmoja baada ya mwingine akicheka, kwa sababu alipenda kamera. Nikaona kugawanywa mara moja kunatosha. Nikawaambia, "Leo hatugawanywi. Atakayetupiga sote watatu pamoja ndiye atupige. Asiyetaka, mlango ule."

Mwalimu akanitazama kwa mara ya kwanza. "Wewe utaharibu picha. Una uso wa mdai." Akamgeukia mwenzake. "Mchukue na huyu dada yao, uone utakavyoshika mkia." Akaondoka, lakini kabla hajafika njiani akarudi kusimama na majirani waliokwisha kujaa uwani kutazama.

Karani alikubali. Nikamuuliza tutapata nini. Akatoa karatasi mfukoni, iliyopigwa chapa, akanisomea kama mtu anayemsomea kipofu. Hakujua kwamba nami nilikuwa naisoma kwa upande wangu. Picha iwe imepigwa ndani ya mwezi wa shindano. Picha isichorwe wala kupakwa rangi, ila kuikata pembeni kunaruhusiwa. Aliyepigwa asilipwe chochote, ili watu wasije wakauza machozi. Kila aonekanaye katika picha atapewa nakala moja, naye atakabidhiwa mkononi mwake mwenyewe kabla picha haijatundikwa mbele ya watu, la sivyo picha itatolewa katika shindano.

"Hiyo ya nakala, rudia," nikamwambia.

Akarudia. Watu watatu, nakala tatu: moja ya Pangani, moja ya Kigombe, moja yangu. Niliingia ndani nikawavisha wadogo zangu. Wa kiume nilimvalisha kanzu, wa kike gauni la maua. Nywele zake nilikuwa nimezisuka usiku.

Tulipotoka karani akashika kiuno. "Ndio nini hii? Huzuni gani imepigwa pasi? Kavueni. Leteni zile za kufulia."

Jirani yetu mmoja, mwanamke aliyekuwa akituazima chumvi kila siku, akapiga kelele kutoka dirishani kwake: "Wavue tu! Kwani wana nini cha kuficha hao?" Uwani kote wakacheka.

Niliwavua. Nilijiambia kwamba sura ni zile zile hata katika matambara. Shati la mdogo wangu lilikuwa na tundu dogo begani. Karani akaingiza kidole katika lile tundu, akavuta, likararuka mpaka kwapani. Akatupanga mbele ya ukuta uliobabuka udongo: wa kike ameketi chini, wa kiume katikati, mimi nyuma yake. Akarudi kwenye kamera yake.

Mtoto bado alikuwa anacheka.

"Mwambie anune."

"Nuna," nikamwambia. Akajaribu kununa, akazidi kucheka.

Karani akaja akachuchumaa mbele yake. "Babu, mama yako yuko wapi?"

"Kalala."

"Kalala wapi?"

"Kule kwa makaburi."

"Na ataamka lini?"

Mtoto akanitazama. Tulikuwa hatujamwambia bado. Kila jioni alikuwa akiniuliza kama mama keshaamka, nami nilikuwa nikimwambia bado.

"Haamki," karani akamwambia taratibu, kama anayemfundisha kuhesabu. "Haamki tena. Wamemfukia. Ndani kule kuna giza, na wewe wanakupeleka Pangani."

Mtoto alifungua kinywa, sauti ikachelewa kutoka. Karani alikuwa ameshakimbilia kamera. Sauti ilipotoka, ndugu yangu aligeuka anikimbilie, nami nikamshika bega pale pale palipochanika, nikamkaza, kwa sababu nilijua akisogea tutakosa picha. Kamera ikalia.

"Mashaallah," alisema karani.

Jumatano baba mdogo akaja. Alhamisi akaja shangazi. Mdogo wangu wa kike aliondoka na lile gauni la maua akiwa amelivaa. Wa kiume alishikilia nguzo ya kitanda mpaka baba mdogo akamfungua vidole kimoja kimoja. Niliwaambia wote wawili kwamba nakala zao zitawafuata.

Chama kilikuwa kikikutana Jumapili katika chumba cha nyuma cha duka la vitambaa. Mwenye duka ndiye aliyekuwa mwenyekiti, mtu wa makamo, mchangamfu, anayependa watu wacheke maneno yake. Wasio wanachama waliruhusiwa kusimama nyuma, wanyamaze mpaka hukumu itoke. Nilisimama nyuma. Nilikuwa nimeoga, nimevaa leso mpya ya kuazima.

Walionyesha picha moja moja. Ya mwalimu ilikuwa ya punda aliyekonda, na mtu mmoja aliuliza kama amejipiga mwenyewe. Kisha karani akatoa yake.

Walikuwapo wadogo zangu. Wa kike ametazama chini. Wa kiume kinywa kiko wazi, machozi yameng'aa mpaka kidevuni, shati limeraruka. Mimi sikuwapo. Alikuwa amenikata. Kilichobaki changu kilikuwa mkono mmoja, unatoka pembeni mwa picha bila mwenyewe, umemshika mtoto bega.

"Mabwana," alisema mwenyekiti, "tazameni mkono huo. Haujulikani ni wa nani. Unamshika kumliwaza au unamshika kumpeleka? Mimi naona huo ndio picha. Hao watoto ni mapambo tu."

Wakapiga makofi. Ikapewa ushindi. Mwenyekiti akainyanyua aitundike ukutani pale dukani, watu wa mjini waione. Ndipo nikasema:

"Huo mkono ni wangu. Nimekuja kuchukua nakala. Yangu na za wadogo zangu."

Waligeuka wote. Karani hakugeuka.

"Kanuni inasema hivyo," nikaongeza. "Haijatundikwa bado."

Mwalimu alisimama, uso umechangamka. "Binti anasema kweli! Nakala hazijatolewa. Picha itolewe shindanoni!" Wala hakuwa akinitetea. Punda wake alikuwa ameshika nafasi ya pili.

"Kanuni inasema aonekanaye," alisema karani. "Huyu haonekani. Nani anamwona humu?"

"Mkono unaonekana," alisema mwalimu.

"Mkono ni mtu? Ukiona mkono utausalimia?"

"Wa kwake ungeusalimia, ungekuzaba kibao!" alisema mtu mwingine, wakaangua kicheko.

"Na watoto je?" mwalimu akang'ang'ania. "Wale si wanaonekana?"

"Wako wapi?" aliuliza mwenyekiti.

"Pangani na Kigombe," nikasema. "Nipeni mimi, nitawapelekea."

"Hapana, mwanangu. Kanuni inasema mkononi mwake mwenyewe. Waje wenyewe, watapewa. Mlango wangu haufungwi." Kisha akanitazama, na nikaona neno la kuchekesha limemjia kabla hajalisema. "Lakini wewe umefika, na haki yako lazima uipate. Kila aonekanaye apewe anapoonekana. Karani, una picha ya majaribio hapo?"

Karani akatoa nyingine kama ile katika bahasha, yenye doa pembeni. Mwenyekiti akachukua mkasi wake mkubwa wa kukatia vitambaa. Nilifikiri anataka kukata lile doa. Akakata mkono wangu pamoja na kipande cha bega chini yake, pembe nne, vizuri, kwa jicho la mtu aliyekata nguo maisha yake yote. Nyuso za wadogo zangu zikabaki upande wake wa mkasi.

"Haya," alisema. "Mkono, akabidhiwe mkononi."

Walicheka sana. Mwalimu naye alicheka, akakaa chini. Kanuni ilikuwa imetimizwa.

Nilikipokea kile kipande kwa mikono miwili, kama nilivyofundishwa kupokea kitu kwa mkubwa. Sikulia. Uso wangu ulikuwa wa mdai, na mdai halii kabla hajalipwa. Waje wenyewe, watapewa, alisema, na watu wote wale walisikia.

Nikangoja. Nilikuwa nikipita mbele ya duka lile kila asubuhi na beseni la maandazi kichwani, wadogo zangu wakiwa ukutani, mmoja akilia, mmoja akitazama chini. Kigombe nilikwenda mara mbili. Shangazi alisema mtoto ana kazi, hawezi kuachwa aje mjini kwa ajili ya karatasi. Baba mdogo hakutaka hata kunisikiliza. Chama kiliendelea na mada zake, Mavuno, Wazee, Mvua, lakini ile ya Huzuni haikushushwa, kwa sababu ilivuta wateja.

Idi iliyofuata baba mdogo alileta mjini biashara ya nazi, akaja na mdogo wangu. Alikuwa amerefuka. Meno ya mbele yameng'oka, amevaa kanzu na kofia, viatu miguuni. Baba mdogo hakuwa amemtesa; alimlisha, akampeleka chuoni kusoma Kurani. Alinipa shikamoo kama anavyowapa watu wote. Nilimshika mkono nikamvuta mpaka dukani, karibu tunakimbia.

Mwenyekiti alikuwapo, na wateja wengi wa sikukuu.

"Shikamoo. Aliyepigwa huyu hapa," nikasema. "Amekuja mwenyewe. Mkabidhi mkononi."

Mwenyekiti alitazama ukutani, akamtazama mtoto, akatazama tena ukutani. Nadhani alikuwa tayari kutoa. Yule mtu hakuwa mgumu pasipokuwa na mzaha wa kupata. Lakini wateja walikuwa wanasikiliza. Akainama.

"Karibu, bwana mkubwa. Unamwona yule pale analia? Yule wa matambara na makamasi? Ni wewe yule?"

Mteja mmoja akacheka. Mtoto alitazama picha kwa muda mrefu. Alitazama mkono ulio begani. Nilimwona anakumbuka. Shingo yake iliingia mabegani kama siku ile. Kisha akatazama viatu vyake, na watu waliokuwa wanamtazama.

"Si mimi," akasema.

"Sema kweli, baba," nikamwambia. "Sema, tupewe."

"Si mimi!" Akauchomoa mkono wake mkononi mwangu. "Mimi wa Pangani."

"Basi mwenyewe kakataa," alisema mwenyekiti, akanyoosha mikono yake mitupu kuwaonyesha wateja. "Kanuni ndiyo hiyo."

Nilimrudisha kwa baba mdogo. Njiani alitembea mbele yangu, haraka, asionekane yuko nami.

Kile kipande ninacho hata leo. Kimepiga manjano, lakini vidole vinaonekana, na uzi wa shati uliochomoza pale lilipochanwa. Watu wakiniuliza kama nina picha ya wadogo zangu tulipokuwa watoto, huwatolea hicho. Wao hukigeuza juu chini, wanauliza ni nini. Nawaambia ni bega.