Mfupa wa Ijumaa

Enzi zetu pale Tinde kengele ya shule ilikuwa rimu kuukuu la lori, na tulikimbilia kengele hiyo tukiwa na michembe mifukoni. Wenzangu mliokulia Usukumani mnaijua: viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa juani mpaka vikawa vigumu, unatafuna kuanzia nyumbani na unafika shuleni taya zimechoka. Watoto wangu nikiwapa leo wanainusa kwanza. Tulicheza rede mpaka vumbi likatufanya wote rangi moja, na tulifurahi. Nasema hivyo mapema, kwa sababu ninayotaka kusimulia hayana furaha, na hasira yangu haijapoa mpaka leo.

Ijumaa mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa na mtindo wake. Alisimama nyuma ya darasa, sisi tukitazama ubao, akataja neno. Ukisikia "ship", yaani meli, unanyoosha mkono wa kushoto. Ukisikia "sheep", yaani kondoo, unanyoosha wa kulia. Kondoo tulikuwa nao nyumbani, meli hatukuwahi kuiona hata mmoja wetu, lakini kutoka kinywani mwa mwalimu yule vyote viwili vilikuwa sauti moja. Tulibahatisha tu. Wajanja walichungulia mkono wa mtoto wa bwana shamba, ambaye naye, nimekuja kujua ukubwani, alikuwa anabahatisha.

Aliyekosea alivikwa mfupa. Mfupa wa ng'ombe, umetobolewa na kupitishwa kamba ya katani. Unatembea nao shingoni mpaka umkamate mwenzako akiongea Kisukuma, ndipo unamvika yeye. Na nani pale hakuongea Kisukuma? Ukijikwaa kidole, unalia kwa lugha gani? Basi mwenye mfupa alijibanza nyuma ya vyoo akimsubiri rafiki yake aropoke. Walitufundisha kuwindana, wakaliita somo la Kiingereza!

Kabula, niliyekaa naye dawati moja, alitushinda wote kwa hesabu. Ijumaa moja alinyoosha mkono wa kulia, kumbe ilikuwa meli, akavikwa. Angeweza kuuvua siku ileile, maana sote tulibwabwaja Kisukuma mbele yake. Mimi nilimwendea kabisa nikamwambia kwa Kisukuma anivalishe mimi, apumzike.

"Sitaki," alisema. "Mfupa ni wa mbwa. Simvalishi mwenzangu."

Akaendelea kuuvaa, wiki baada ya wiki. Mwalimu alimcheka, akasema ulimi wake ni wa kuitia ng'ombe machungani. Kabula akaacha kunyoosha mkono hata kwenye hesabu. Mwisho akaacha kuongea kabisa, akawa anakuja, anakaa, anarudi kwao.

Siku moja baba yake alipita akitoka mnadani, akamkuta binti yake uwanjani na mfupa shingoni. Hakugombana na mtu. Aliuvua, akauweka mezani kwa mwalimu, akasema, "Kama shule ni kuvaa mifupa, mifupa hata nyumbani ipo." Akamshika Kabula mkono wakaondoka. Kabula hakurudi tena. Baadaye tukasikia yuko Geita kwa shangazi yake, anaponda mawe ya dhahabu.

Mimi nikaendelea mpaka sekondari. Huko tulipata mwalimu mwingine, mama mmoja mpole, akatoa kioo kidogo mkobani na kutupitishia. Tazameni midomo yenu, alisema. Kwenye kondoo vuteni midomo kama mnatabasamu na mrefushe sauti, kwenye meli ikateni. Basi, ni hivyo tu. Kabla kipindi hakijaisha darasa zima lilikuwa limeshika. Wenzangu walicheka, mimi nililia kwa ghadhabu. Kumbe dawa ilikuwa kioo! Kumbe yule wa Tinde alituadhibu kwa kitu ambacho yeye mwenyewe hakukiweza!

Mwaka juzi nilimkuta Kabula sokoni Katoro, viganja vimepasuka kwa mawe. Alitazama viatu vyangu, akatazama mkoba, akaniamkia, "Shikamoo." Mimi na yeye tulizaliwa msimu mmoja wa pamba.

Sasa naishi mjini, Ngokolo, na binti yangu Neema anasoma shule inayofundisha kwa Kiingereza. Meli na kondoo anavitofautisha bila kufikiri, ingawa kondoo mwenyewe amemwona kitabuni tu, na asubuhi bibi yake akimsalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka", anaduwaa kama amesemeshwa Kichina. Jana alirudi na kibao cha plastiki shingoni. Kimeandikwa kwa Kiingereza kwamba yeye ameongea Kiswahili. Sisi tulikatazwa Kisukuma, wao wanakatazwa hata Kiswahili, na kamba siku hizi ni ya rangi nzuri. Ndiyo maendeleo hayo.

Nilimvua, nikaenda nacho moja kwa moja kwenye jiko la mkaa. Neema akanikimbilia, akaning'ang'ania khanga huku analia.

"Mama, usikichome! Kesho nikimsikia Rehema anaongea Kiswahili, namvalisha yeye!"

Nilikitumbukiza motoni, na nyumba nzima inanuka mpaka sasa. Asubuhi hii naenda naye shuleni, na mwalimu wake atanieleza. Lakini usiku kucha usingizi sikuupata. Rehema ndiye rafiki yake. Wanakaa dawati moja.