Aliyepiga Stata

Nasimulia haya nikiwa na akili zangu timamu, na pombe sijawahi kuonja. Watu wengi hutaka kisa cha namna hii kiwe cha usiku, tena makaburini. Changu kilitokea asubuhi, kando ya lami, wakulima wakipeleka maziwa. Usipoamini, shauri yako. Mimi nilikuwepo.

Mimi ni fundi wa waya za magari mjini Embu. Mwalimu Wawira wa Runyenjes alikuwa na gari kuukuu la kabureta ambalo injini yake ilikufa. Akanunua nyingine kwenye yadi ya magari yaliyovunjwa kule Meru, ya kisasa, ile ambayo kompyuta ndiyo huamua mafuta yarushwe lini. Ilikuja na kompyuta yake na fungu lake la waya, limeviringishwa tepu nyeusi kutoka mwanzo hadi mwisho. Nikaunganisha, ikawaka, tukashukuru Mungu. Lakini ikishapata moto halafu ikutane na mlima, ilikuwa inazima ghafla, na haikubali kuwaka mpaka ipoe.

Lingekuwa gari la kwenda harusini nisingekosa usingizi. Mama yake mwalimu alikuwa na ugonjwa wa figo, na kila wiki alipelekwa hospitali Embu kusafishwa damu. Akikosa siku yake, anavimba na pumzi inakuwa ya shida. Mara moja tayari gari lilikuwa limemkosesha, na lawama zilikuwa zinanisubiri mimi.

Niliitafuta hiyo hitilafu mpaka nikaanza kuiota. Fyuzi nzima. Rilei nzima. Pampu inasukuma mafuta vizuri. Nikabadilisha hata sensa inayoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka, maana bila hiyo habari kompyuta haitoi cheche wala mafuta. Gereji injini inanguruma vizuri, mlimani inakufa. Mwishowe nikamwambia mwalimu, siku ya hospitali nitakuja Runyenjes tusafiri pamoja, nilikamate hili jambo likitendeka.

Siku hiyo kulikuwa na manyunyu na ukungu. Yule bibi, mama yake mwalimu, alikaa nyuma peke yake, amefunikwa blanketi, uso umemvimba, akipumua kwa mdomo. Mwalimu akaendesha, mimi nikakaa kando yake na testa mkononi, ile ya taa ya kupimia umeme. Tulipovuka daraja na kuanza kupanda, injini ikazima.

"Fundi, mama atanifia hapa," mwalimu akasema. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

"Nipe dakika chache, mwalimu. Weka swichi, nikikuita upige."

Nikafungua boneti nikainama. Wenye magari mnajua, boneti ikishasimama fundi haoni kitu ndani ya gari. Anasikia sauti tu. Anaita "piga!", aliye kwenye usukani anapiga stata, na kazi inaendelea hivyo. Nani amewahi kuinuka kuangalia ni nani anayempigia?

Nikashika testa kwenye waya wa injekta, ile inayorusha mafuta. "Piga!"

"Napiga," sauti ikajibu. Ilikuwa sauti ya mwanamume.

Sikushtuka. Barabara zetu unazijua, ukiharibikiwa hukosi mpita njia wa kuja kukufundisha kazi yako. Nikadhani mmoja amechukua usukani ili mwalimu akae na mamake. Injini ikazunguka, lakini taa ya testa haikucheza hata kidogo. Kompyuta haikuwa inajua kwamba injini inazunguka, ilhali sensa ilikuwa mpya.

"Wacha sensa," yule mtu akasema, kwa lafudhi ya Kimeru. "Cheki waya yake huko nyuma ya injini, penye tepu imekuwa nene. Nilishikanisha hiyo waya na mkono tu. Nilikuwa na haraka."

Hapo ndipo ningepaswa kujiuliza, sivyo? Lakini nilikuwa namsikia bibi akikoroma kifuani. Nikapeleka mkono nyuma, nikaipata tepu nene, nikaichana kwa wembe. Niamini, waya ulikuwa umekatika zamani na kusokotwa kwa vidole, haukuchomewa risasi ya kuungia. Injini ikipata moto na kulala nyuma mlimani, ile ncha ilikuwa inaachia. Nikaukaza kwa koleo, nikaufunga upya.

"Piga!"

"Napiga."

Ikawaka mara moja. Nikashusha boneti nikicheka, nikitaka kumshika mkono yule bwana.

Kiti cha dereva kilikuwa kitupu, na mlango wake umefungwa. Mwalimu alikuwa mbali kule chini kwenye kona, akitandaza matawi barabarani ili malori yasitugonge, huku akipungia magari mkono tupate msaada. Aliposikia injini alikuja mbio. Akafika dirishani, akatazama ndani, akasimama.

"Fundi, umewasha na nini?"

Ufunguo ulikuwa mkononi mwake. Aliuchomoa alipotoka, kwa mazoea, maana aliwahi kuibiwa gari.

Ningekuwa peke yangu ningekimbilia kwenye kahawa za watu. Lakini bibi alitoa uso kwenye blanketi akauliza, "Huyo kijana ameenda wapi? Alikuwa ananiambia, mama usilale, leo tutafika."

Tukaenda. Tungefanya nini tena? Mwalimu akaendesha mpaka hospitali. Wauguzi walipomshusha bibi na kumwingiza ndani, injini ikazima yenyewe.

Baadaye mwenye yadi alituelekeza kwa watu waliomuuzia gari lililotolewa injini ile, huko Kianjai. Mwalimu alitaka kwenda kutoa pole, maana sote tuliamini mwenye injini ni marehemu. Tukapokewa na dada yake, Karimi. Akatuambia kaka yake Mwenda yu hai. Miaka iliyopita alikuwa akimkimbiza mama yao hospitali, gari hilo hilo likazima mlimani, na mama akakata roho kwenye kiti cha nyuma. Tangu siku hiyo Mwenda hajasema neno, wala hatoki nje ya boma.

Alikuwa amekaa kwenye stuli nyuma ya jikoni, mtu mwembamba, macho chini. Hatukuwa tumemweleza Karimi chochote. Nikamsalimu kwa kumpa mkono. Akaushika, hakuuachia, akaniangalia.

"Mama alifika?"

Ilikuwa sauti ile ile. Karimi aliangusha chai aliyotubebea.

Nilimjibu kwamba alifika. Akaniachia, akageuka ukutani, akalia kama mtoto. Mpaka leo hajasema neno jingine.

Sasa mimi siungi waya wa injini ya mitumba kabla ya kuuliza imetoka kwa nani na ilimfanyia nini, na boneti naing'oa kabisa nimwone anayenipigia. Vijana wa gereji hunicheka. Nawe cheka ukitaka, lakini uliza. Kuna mtu mahali fulani ambaye bado hajashuka kwenye hilo gari lako.