Mgongo wa Dalali

Dalali wa vyumba wa mtaani kwetu ana funguo kiunoni, sauti ya kubembeleza mtoto anywe dawa, na mgongo mpana ambao ndio unaomlisha. Nilimfuata asubuhi nzima, mimi niliyefukuzwa na mume kwenye nyumba niliyoibebea matofali kichwani, nikiwa na kodi ya miezi mitatu tu. Nikikosea chumba, sina pengine pa kwenda. Chumba cha bei kubwa alikisifia ameegemea ukuta. "Dirisha hilo, mama! Upepo wa bure." Alipotangulia kutoka, nikaona shati lake limelowa mgongoni na kushika ukungu. Chumba cha bei ya kati akaegemea mlango, akasifia ukuta. "Mjomba, hebu sogea kidogo." Akasogea huku akicheka, mlango ukamfuata: ulikuwa umeshikiliwa na bawaba moja.

Chumba cha bei ndogo kiko uani, kitanda kikiingia meza inabaki nje. Humo alisimama katikati, anachezea funguo kama mgeni asiyekaribishwa kiti. "Hiki hakikufai, mama. Kidogo mno." Kidogo kweli. Lakini nimeishi miaka ishirini na mwanamume wa kuziba ubovu kwa mgongo, sihitaji kufundishwa. Nikaegemea ukuta mwenyewe, kisha mlango. Ukuta mkavu, mlango haukutikisika. "Mbona humu huegemei, mjomba?" Akainamia funguo zake, akachomoa mmoja, akanipa.